UZI: Picha ya ubongo wa mzee wako inasema nini? Na panya wa maabara wametufundisha nini kuhusu dimenshia

BintiMachame (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mteknolojia wa radiolojia. Nimekaa na mashine za CT na MRI, zile zinazopiga picha ndani ya mwili, miaka kumi na nne, na minne kati ya hiyo nilikuwa Uswidi kwenye maabara inayopiga picha ubongo wa panya. Mama yangu mzazi ana ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, yaani kusahau na akili kufifia. Kwa hiyo nimewahi kukaa chumba cha mashine nikitazama ubongo wa mtu nisiyemjua, na nimewahi kukaa kwenye benchi la nje na bahasha mapajani nikisubiri jina la mama liitwe.

Nimeamua kuandika kwa sababu ujumbe ninaopokea ni ule ule. Mtu amempeleka mzazi hospitali, amelipia kipimo kwa shida, amerudi na karatasi iliyoandikwa "ubongo umesinyaa", na ndugu wamekaa kikao wakaamua kwamba mzee ameshakwisha. Wengine wanaanza kugawana shamba. Hilo ndilo linaloniuma. Picha inakuonyesha alama ambazo ugonjwa umeacha kwenye ubongo. Mzee wako anasahau kiasi gani, anaweza kuishi vipi, bado anamfurahia nani, hayo picha haiyajui. Panya ndio walionifundisha hivyo, nitafika huko.

Nianze na MRI kwa kuwa ndiyo tunayoipata huku. Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande kuna kipande kilichojikunja kiitwacho hipokampasi, ukubwa wake kama kidole cha mwisho. Kazi yake ni kuyashika mambo mapya. Ndiyo sababu mzee mwenye Alzheimer atakusimulia usiku wa Uhuru wa 1961 bila kukosea wimbo ulioimbwa, kisha akuulize mara ya nne kama chai imeshaiva. Ya zamani yalishatunzwa kwingine, mapya hayana tena pa kushikwa.

Kwa wazee wasio na ugonjwa, hipokampasi hupungua kama asilimia 1 au 2 kwa mwaka. Kwa wenye Alzheimer upungufu hukaribia asilimia 4. Sasa fikirieni: picha moja ya siku moja haikuonyeshi kasi. Inakuonyesha ukubwa wa leo tu, na watu hatukuzaliwa na vipimo sawa.

Alama nyingine za MRI ni madoa meupe kwenye sehemu ya ndani ya ubongo, yanayotokana na mishipa midogo ya damu kuharibika. Hayo ni matokeo ya presha na kisukari kwa miaka mingi, na huku kwetu ninayaona mengi mno. Kuna pia vitundu vidogo vya viharusi ambavyo mgonjwa hakuwahi kujua kwamba alivipata.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

---

Kipepeo wa Tanga

Asante dada, umenigusa. Ripoti ya bibi yangu ana miaka 79, imeandikwa "MTA 2, Fazekas 1". Daktari alikuwa na foleni, akasema ni uzee tu tukaondoka. Hizo namba ni nini?

---

BintiMachame

Pole na uuguzi, Kipepeo.

MTA ni kipimo cha macho. Mwaka 1992 Philip Scheltens na wenzake kule Uholanzi waliweka ngazi tano, 0 hadi 4, za kutazama hipokampasi imepungua kiasi gani na maji yaliyoizunguka yameongezeka kiasi gani. Sifuri ni nzima, nne imebaki kama uzi. Kwa mtu wa chini ya miaka 75, mbili inatia shaka. Akishapita 75, wengi huanza kushtuka ikifika tatu. Kwa hiyo bibi wa miaka 79 mwenye mbili, kwa picha peke yake, daktari wako hakukosea.

Fazekas ni ngazi ya yale madoa meupe, 0 hadi 3, ya tangu 1987. Moja ni kidogo, wazee wengi wanayo.

Ila sasa mimi nitakuuliza wewe: bibi yukoje? Anapotea njia ya kwenda kwa jirani? Ameunguza sufuria? Hela ya kibubu anahesabu mara ngapi? Kama hayo yameanza ndani ya mwaka mmoja au miwili na yanaongezeka, ripoti nzuri isikufanye unyamaze. Mrudishe. Na kama bibi yuko sawa, basi hata ripoti ingeandikwa tatu nisingemwita mgonjwa.

---

Dk_Mstaafu

Binti, umeeleza vizuri. Naomba nikuongezee kwa sababu wasomaji wengi wataishia hapa.

Jambo la kwanza tunalotafuta kwenye picha ya mzee anayesahau si Alzheimer. Tunatafuta kinachotibika. Damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka. Uvimbe. Maji kujaa kwenye vyumba vya ubongo, ambapo mzee anatembea kama nyayo zimegandishwa sakafuni, mkojo unamponyoka, na akili inafifia. Huyo akiwekewa mrija wa kupunguza maji anaweza kuinuka. Haya yote hata CT inayaona, haihitaji MRI. Na kabla au sambamba na picha, damu ipimwe: vitamini B12, tezi ya shingo, VVU, kaswende. Nimewaona wazee waliofungiwa chumbani miaka miwili kumbe tatizo ni tezi.

---

BintiMachame

Shikamoo daktari, na asante sana. Ulivyosema damu kuvilia umenikumbusha baba yangu mdogo. Aliteleza kwenye mfereji shambani, kwenye migomba, akainuka akacheka mwenyewe. Wiki nne baadaye akawa anavaa shati juu ya koti na kumwita mke wake kwa jina la dada yake. Ukoo mzima ulisema uzee umemshika. Nilipoiona CT yake nililia palepale: utando wa damu nzee upande wa kushoto, umeusukuma ubongo mpaka mstari wa kati umehama. Walitoboa fuvu, damu ikatolewa, na Krismasi ile alichinja mbuzi kwa mkono wake.

Kama kuna mtu atasoma posti moja tu kwenye uzi huu, isome ya daktari hapo juu.

---

Ngosha_Magu

Mimi niulize la panya maana limenishangaza. Panya anapataje dimenshia? Na nani anajua kama panya amesahau?

---

BintiMachame

Ngosha, hapo umenifikisha ninapopapenda, kwa hiyo vumilia urefu.

Kwa asili panya hapati Alzheimer. Anaishi kama miaka miwili na anakufa na ubongo safi. Wanasayansi walimpachika jeni ya binadamu yenye kasoro, zile kasoro zilizopatikana kwenye koo chache ambamo ugonjwa unarithiwa. Panya aitwaye Tg2576, aliyetangazwa 1996, ana kasoro iliyogunduliwa kwa familia za Uswidi. Wa 2006 aitwaye 5xFAD ana kasoro tano kwa mpigo, na akifikisha miezi miwili tu ubongo wake unaanza kujaa madoa ya amiloidi. Amiloidi ni protini inayoganda nje ya seli. Alois Alzheimer aliyaona madoa hayo kwa darubini kwenye ubongo wa mgonjwa wake wa Frankfurt aliyefariki 1906, pamoja na mafundo ndani ya seli, ambayo leo tunajua ni protini nyingine iitwayo tau.

Kujua kama amesahau ni rahisi kuliko unavyofikiri. Anawekwa kwenye beseni la maji lenye kijukwaa kilichojificha chini kidogo ya uso wa maji. Panya mzima akishakipata mara kadhaa anakwenda moja kwa moja. Yule mwenye madoa anazunguka na kuzunguka.

Sasa kumpiga picha. Ubongo wake una uzito wa kama gramu 0.4, wetu unapita gramu 1,300. Mashine ya MRI ya hospitali ni ya Tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku yake) 1.5 au 3. Ya panya niliyoitumia ilikuwa 9.4. Unamlaza kwa gesi, unakishika kichwa chake taratibu ili kisitikisike, chini yake panapita maji ya uvuguvugu maana akilala joto la mwili linashuka upesi, na kifuani kuna kijipedi kinachohesabu pumzi. Saa nzima, wakati mwingine mbili, macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari wa pumzi kuliko kwenye picha. Niliwaheshimu wale wanyama. Bado nawaheshimu.

Na hiki ndicho nilichokiona. Panya wengi wa aina hii wanajaa madoa ya amiloidi kuliko hata mgonjwa wa kweli, lakini hipokampasi yao haisinyai kama ya mama yangu. Seli zao nyingi haziangamii. Mafundo ya tau hayajitengenezi kwao kwa sababu tu amiloidi imejaa, mpaka uwapachike jeni ya tau nayo. Yaani tulikuwa na nusu ya ugonjwa kwenye kichwa cha panya, tukaita ugonjwa mzima.

Hata kipimo cha sukari kilitupa shida. Unamchoma mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo, unamweka kwenye PET, mashine inayoipiga picha mionzi hiyo, unatazama ubongo unaitumia wapi. Kwa mtu mwenye Alzheimer sehemu za pembeni na nyuma zinafifia, zinaonekana kama mtaa uliokatika umeme. Kwa panya, maabara moja inaona sukari imepungua, nyingine inaona imeongezeka, na wote ni waaminifu. Sababu mojawapo ni kwamba seli za ulinzi za ubongo, zikishaamka kupambana na madoa, nazo zinakula sukari. Kwa hiyo mwanga kwenye picha huenda ukawa vita, na wewe ukadhani ni afya.

---

mzee_wa_Likoni

Maelezo mazito haya, ahsante bintiangu. Mimi niko Mombasa. Mke wangu anasahau, na kijana wetu aliye ng'ambo anasema kuna PET ya kuona hayo madoa ya amiloidi yenyewe, tuuze kiwanja twende India. Nairobi PET iko lakini twaambiwa ni ya saratani. Wanishauri vipi?

---

BintiMachame

Shikamoo baba. Pole sana kwa mama. Usiuze kiwanja bado. Nisikilize kwanza.

PET ya kuona amiloidi ilianza na watu wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, William Klunk na Chester Mathis. Walichukua rangi ya zamani ya maabara inayong'ang'ania amiloidi, wakaibadilisha mpaka ikaweza kuingia kwenye ubongo wa mtu aliye hai. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha Uppsala, Uswidi, 2002. Matokeo yalitoka 2004: wagonjwa 16, na watu 9 wa kulinganisha nao. Kabla ya hapo madoa yalithibitishwa kwa kupasua ubongo wa marehemu. Ilikuwa hatua kubwa, siipunguzi.

Lakini rangi ile ya mwanzo, yaani dawa ya mionzi ya kupigia picha, ilipojaribiwa kwa panya wa Tg2576 ilishika kidogo sana, ingawa madoa yalikuwepo tele, kwa kuwa umbo la amiloidi yao si sawa na letu. Tazama hapo: madoa yapo, picha haiyaoni.

Kwa binadamu kuna kinyume chake. Ukiwapima wazee wa miaka 70 ambao kumbukumbu zao ni nzima kabisa, zaidi ya mmoja kati ya watano ana amiloidi kwenye PET. Wenye miaka 90, ni zaidi ya wanne kati ya kumi. Wengine hawatawahi kuugua. Kwa hiyo mke wako akienda India akaambiwa "amiloidi ipo", utarudi na jibu lisilobadilisha anavyotunzwa kesho. Kinachokwenda sambamba zaidi na kusahau ni tau. Tangu 1991 Heiko na Eva Braak walionyesha, kwa bongo za marehemu, jinsi mafundo ya tau yanavyoanzia karibu na hipokampasi kisha kusambaa kwa hatua. PET ya tau iliidhinishwa Marekani 2020.

Na ile dawa ya mionzi haisafirishwi kama paracetamol. Ile ya kwanza ya Pittsburgh nguvu yake hupungua nusu kila dakika 20, ni lazima saiklotroni, mashine ya kutengenezea mionzi hiyo, iwe jirani. Za sasa ni dakika 110. Mashine ya Nairobi ni ile ile ya PET, kinachotakiwa zaidi ni hiyo dawa.

Mimi kwa mama yangu nilitumia MRI moja, vipimo vya damu, na daktari aliyemkalisha saa nzima akimuuliza maswali. Hela iliyobaki imemwajiri dada wa kumsaidia mchana. Fanya hivyo baba.

---

Kipepeo wa Tanga

Na dawa mpya? Nimesikia kuna sindano inayosafisha hayo madoa.

---

BintiMachame

Ipo, Kipepeo, lakini twende na historia yake.

Mwaka 1999 panya walichanjwa dhidi ya amiloidi na madoa yakapungua. Dunia ilishangilia. Chanjo ikaenda kwa watu, na mwanzoni mwa 2002 jaribio likasimamishwa kwa sababu karibu asilimia 6 ya waliochanjwa ubongo wao na utando wake vilivimba kwa mcharuko. Miaka ikapita, baadhi wakafariki, ubongo ukachunguzwa: kwa wengine madoa yalikuwa yamesafishika kabisa. Na bado walikufa wakiwa na dimenshia kali. Nilipoisoma habari ile nikiwa Uswidi nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea kwenye theluji.

Dawa za sasa ni kingamwili, protini za ulinzi zinazong'ang'ania amiloidi ili iondolewe. Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu Marekani 2023, donanemab 2024. Kwenye jaribio la lecanemab la miezi 18, watu karibu 1,800 walio mwanzoni mwa ugonjwa, PET ilionyesha amiloidi imeshuka sana kwa waliopewa dawa. Kuzorota kwao kulipungua kasi kwa asilimia 27 kuliko wasiopewa, ambayo kwenye kipimo cha ukali wa dimenshia chenye alama 18 ni tofauti ya 0.45. Waliendelea kushuka, ila taratibu kidogo. Na takriban mmoja kati ya wanane waliopewa dawa ubongo wake ulivimba kwa maji, jambo linaloonekana kwenye MRI, ndiyo maana lazima MRI ifanyike kabla na irudiwe mara kadhaa. Wenye APOE4, aina ya jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, hasa waliorithi kwa baba na kwa mama, hatari yao ni kubwa zaidi.

Hapo utaona MRI imepata kazi nyingine, ya kumlinda mgonjwa na dawa yake.

Kingine cha kufurahisha ni kipimo cha damu cha tau, kiitwacho p-tau217. Mei 2025 Marekani iliruhusu cha kwanza cha aina hiyo. Kwa nchi zetu zisizo na PET ya ubongo, tumaini langu liko kwenye kichupa cha damu kuliko kwenye mashine ya mabilioni.

---

Ngosha_Magu

Dada, panya basi wana faida gani kama wanatudanganya hivyo?

---

BintiMachame

Hawatudanganyi Ngosha, sisi ndio tuliowauliza swali nusu. Nikupe mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote.

Colombia, jimbo la Antioquia, kuna ukoo wa watu kama 6,000 ambamo wengi wamerithi kasoro ya jeni, na wenye nayo huanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi. Daktari Francisco Lopera aliwafuata kwa miongo kadhaa mpaka alipofariki 2024. Kwenye ukoo huo kulikuwa na mama mmoja mwenye kasoro ile ile, lakini akafika miaka ya sabini ndipo kusahau kukaanza. Wakampeleka Boston, wakampiga PET. Amiloidi ilikuwa imejaa kupita ndugu zake wote. Tau ilikuwa kidogo. Ilipotangazwa 2019 ilijulikana kwamba alikuwa na mabadiliko mengine kwenye jeni ya APOE, kutoka kwa baba na mama.

Basi wakarudi kwa panya. Waliwapachika mabadiliko yale ya yule mama, na matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha tau ilisambaa kidogo kwao, na seli za ulinzi ziliifagia vizuri zaidi. Mgonjwa mmoja ametoa swali, picha imelichora, panya amelijibu. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wanyama wengine wanatukaribia zaidi. Kuna lema mdogo wa Madagaska, mdogo kuliko komba wetu, ambaye baadhi yao wakizeeka MRI inaonyesha ubongo umesinyaa bila mtu kuwapachika chochote. Tumbili wazee nao hupata madoa ya amiloidi wenyewe.

---

Ngosha_Magu

Nimekuelewa. Kwetu huku mama mzee akianza kutoka usiku na kuongea peke yake, macho mekundu ya moshi wa kuni, watu wanaanza kumnong'ona kwamba ni mchawi. Mnajua yanayofuata. Shangazi yangu tulimhamishia mjini usiku kwa usiku. Naomba haya maelezo yafike na kwa watendaji wa vijiji.

---

BintiMachame

Pole sana kaka, na asante kwa kumwokoa shangazi. Nakili chochote hapa ukipeleke popote.

Kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wenye miaka 70 na zaidi. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4. Karibu mmoja kati ya kila wazee kumi na sita, na wengi hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wanachoumwa kina jina. Ndio hao wanaonong'onwa.

---

Kipepeo wa Tanga

Dada nimempeleka bibi leo. B12 ilikuwa chini, ameanza sindano. Daktari ameandika MRI irudiwe baada ya mwaka. Ile ya kwanza wametupa CD, kuna haja ya kuitunza? Ripoti ninayo.

---

BintiMachame

Alhamdulillah kwa B12. Itunze CD kuliko ripoti! Ripoti ni macho ya mtu mmoja siku moja. Mwakani wakiziweka picha mbili pembeni kwa pembeni ndipo utaijua ile kasi niliyoitaja mwanzo. Nakili kwenye flashi, CD usiiache kwenye joto wala isikwaruzwe, na mwakani rudini kwenye mashine ile ile kama inawezekana. Mpe bibi shikamoo yangu.